Mji Aliodaiwa Mwalimu Yirdaw

Nina nyumba yenye vyumba saba. Chumba kimoja ni kitupu. Mlangoni wamesimama wageni wanne, wote wamevaa vizuri, na kila mmoja anaapa kwamba chumba ni chake. Ukimwingiza anayestahili, nyumba inasimama. Ukimwingiza mwingine yeyote, nyumba nzima inayumba na wapita njia wanacheka. Haya niambieni, nyumba gani hiyo?

Fikirini taratibu, sina haraka. Hata Mwalimu Yirdaw alikaa kimya hivyo hivyo sebuleni kwangu, kikombe cha pili cha kahawa kinapoa mkononi, huku mjukuu wangu Wubit akimtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kushinda.

"Mwalimu, tunakusubiri," Wubit alimwambia.

"Ni basi," Yirdaw akajaribu. "Kiti kimoja kimebaki, abiria wanne wanakigombania."

"Basi haliyumbi kwa sababu ya abiria mmoja."

"Hujapanda la kwenda Woldia."

Nilicheka mpaka shayiri ya kukaanga ikanipalia. Lakini Wubit hakulegea. Alinyoosha kiganja.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Ndivyo mchezo ulivyo. Aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega akiukubali husafiri kwa mdomo, akala, akanywa, akarudi na jibu. Yirdaw akampa Gondar. Wubit akasema Gondar nilimpa mimi bibi yake wiki iliyopita, bado hajamaliza kula. Akampa Bahir Dar na ziwa lake lote. Wubit akasema kuna joto. Akampa Addis Ababa, na kwa kweli mtu akikupa Addis amekupa kila kitu, lakini msichana akatikisa kichwa na kusema Addis yeye anapita tu.

"Sasa unataka mji gani?"

"Ule usiotaka kunipa."

Yirdaw aliweka kikombe chini. Alisema ana madaftari ya kusahihisha, akaniinamia kama kawaida yake, akaondoka. Kikombe cha tatu, ambacho ndicho cha baraka, kilibaki kwenye sinia. Nyumbani kwangu mtu haondoki kabla ya kikombe cha tatu isipokuwa amefiwa au amekasirika, na huyu hakuwa na msiba.

Wubit alichukua daftari lake la Kiingereza akaja kukaa kwenye kigoda miguuni pangu.

"Bibi, umeona maajabu? Jibu ni sentensi yenye pengo. Maneno saba, moja halipo, chini yake majibu manne ya kuchagua. Mtu huyu anajenga nyumba hizo thelathini kila siku, na hakuitambua."

"Aliitambua," nilimwambia. "Kilichomshinda ni kutoa mji."

Sasa niwaeleze walivyofika hapo. Wubit ni mtoto wa mwanangu Seyoum, na sote tunaishi nyumba moja hapa Dessie, juu kidogo ya soko. Wubit ni muuguzi katika kituo cha afya. Mwaka ule hospitali moja ya mji unaoitwa Galway, huko Ayalandi, ilikubali kumpa kazi kwa sharti kwamba afaulu mtihani wa Kiingereza na matokeo yawafikie kabla ya Krismasi yetu. Alikuwa ameiota kazi hiyo tangu chuoni. Ramani ya Galway aliibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali watu wengine wanapobandika mtakatifu.

Yirdaw alifundisha sekondari asubuhi. Jioni jua likiwa bado juu aliwafundisha watu wazima katika ukumbi wa chama chetu cha mazishi, kwenye mabenchi yaliyopangwa kati ya masufuria makubwa ya kupikia msibani. Somo lilikuwa hilo hilo kila siku: sentensi ubaoni, pengo katikati, chagueni neno linalofaa na wakati wa kitendo unaofaa. Wubit alikuwa akinisimulia kwa lugha ya kwetu, maana Kiingereza mimi sikijui.

Siku moja ubaoni kulikuwa na hivi: Nilipofika kituoni, basi ____. Chini yake: linaondoka, litaondoka, limeondoka, lilikuwa limeondoka. Sajenti Worku, polisi mstaafu, akachagua "litaondoka". Yirdaw akamuuliza kwa nini.

"Dereva namjua," Sajenti akajibu. "Hawezi kuondoka bila mimi."

"Sajenti, kwenye mtihani dereva hakujui."

Ukumbi ukacheka hadi vifuniko vya masufuria vikalia. Halafu Yirdaw akawaambia jambo ambalo Wubit aliliandika kwenye jalada la daftari lake. Aliwaambia kwamba kosa lao wote ni moja: wanajaza pengo kwa neno wanalolitaka wao. Msijaze mnachotaka, alisema. Sikilizeni sentensi inataka nini.

Lilikuwa neno zuri. Mlishike, tutalirudia.

Mapenzi yao niliyajua kabla yao. Niliyajua kwenye karatasi za mazoezi. Wubit alipokuwa akinitafsiria, niligundua kwamba kila sentensi ilikuwa na muuguzi ndani yake. Muuguzi ____ dirisha kila asubuhi. Muuguzi alipokuwa ____, mvua ilianza. Sajenti mwenyewe alilalamika kwamba katika mazoezi hayo yote hakuna hata polisi mmoja anayefanya kazi. Baadaye Yirdaw akaanza kuzileta karatasi nyumbani badala ya kuzigawa ukumbini, na mtu anayeleta karatasi moja hahitaji kukaa saa mbili. Mimi nilichoma kahawa na kutega vitendawili, nikijifanya sioni.

Mwezi wa Meskerem, mwanzo wa mwaka wetu, maua ya njano yakiwa bado milimani, Wubit alikwenda kwenye duka la kompyuta kujiandikisha kwa mtihani. Yirdaw alimsindikiza. Alikaa pembeni yake, akamkagulia kila mstari, kwa maana mtaa mzima unajua kwamba karatasi ya Kiingereza haitoki hapa bila kupita chini ya macho ya Mwalimu. Mwishoni akamwambia, "Tuma." Akatuma. Walirudi wamenunua mkate.

Miezi miwili baadaye, mwezi wa Hidar, Wubit akapanda basi kwenda Addis. Siku ya mtihani, saa tatu asubuhi, simu yangu ikalia. Nilijua kuna jambo, kwa kuwa saa hiyo alipaswa kuwa ndani.

"Bibi, wamenirudisha mlangoni."

"Umechelewa?"

"Sijachelewa. Mwaka wa kuzaliwa. Nimeandika mwaka wa kwetu."

Nilikaa chini. Kalenda yetu iko nyuma ya ile ya Wazungu miaka saba, na katika miezi mingine miaka minane. Wubit alizaliwa mwaka 1992 kwa hesabu yetu, na ndio anaoandika siku zote. Pasipoti yake inasema 2000. Karatasi na pasipoti zikawa za watu wawili.

"Dada wa mlangoni ameniuliza kama kweli nina miaka thelathini na mmoja," alisema, na nikasikia anajaribu kucheka. "Nimemwambia ndiyo maana magoti yananiuma."

Halafu akalia. Nilimwambia hakuna mtu wa nchi hii ambaye hajawahi kufanya kosa hilo, kwamba mkono umezoea. Alinijibu kwamba yeye ni muuguzi, mkono wake hauruhusiwi kuzoea.

Nafasi ya Galway akapewa mtu mwingine. Wubit aliitoa ramani kabatini, akaikunja mara nne, akaitia chini ya godoro. Akarudi kazini. Yirdaw alikuja kila siku. Alimletea machungwa, alimsomea magazeti, alikaa naye uani bila kusema kitu, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kijana mwenye moyo wa namna ile. Sherehe za Ubatizo zilipopita, Wubit akaniambia Yirdaw ameomba kutuma wazee, naye amekubali.

"Unampenda?"

"Nampenda, Bibi. Nilimpenda hata nilipokuwa nataka kwenda. Ila sasa sina pa kwenda, imekuwa rahisi zaidi kukubali. Si vizuri kusema hivyo, ee?"

Nikaenda kuongeza makaa.

Wazee watatu walikuja Jumapili asubuhi, Mzee Beyene akiwatangulia na fimbo yake. Tuliwakaribisha viti, wakakataa. Wazee wa posa hawakai mpaka wakubaliwe. Walisimama, wakasema shida yao, na mwanangu Seyoum akawajibu kama baba yeyote anavyojibu mara ya kwanza: amesikia, atawauliza ndugu zake, warudi baada ya wiki mbili. Kisha akaja jikoni, akamkuta Wubit amesimama nyuma ya mlango.

"Mimi ndugu zangu nawajua watasema nini. Wewe unasemaje?"

"Nipe muda kidogo, Baba."

Swali likabaki hapo, juu ya meko.

Siku ya sita, Seyoum alikuwa anapanga karatasi zake za zamani. Akanipa boksi nimshikie. Juu kabisa ilikuwa nakala ya fomu yake ya pasipoti, ile aliyojaza mwaka uliopita alipotaka kwenda kuhiji Yerusalemu. Kiingereza sikijui, nimekwisha kusema. Lakini namba nazijua, na wino mwekundu naujua. Penye mwaka wa kuzaliwa kulikuwa na duara jekundu, na pembeni mwandiko wa Yirdaw kwa lugha ya kwetu: mwaka umeandikwa wa kwetu, badilisha.

Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Macho yaliyoona kosa la baba yalikuwa wapi siku ya mtoto?

Kesho yake Yirdaw alipokuja nilimwambia kwamba Wubit yuko uani anafua, aje anywe kahawa na mimi kwanza. Kikombe cha kwanza tuliongelea baridi. Cha pili nikamwekea ile fomu kwenye mapaja.

Yirdaw hakuigusa.

"Mwaka wa Wubit uliuona?" nikamuuliza.

"Niliuona, Emama."

"Kabla hajatuma, au baada?"

Niliomba moyoni aseme baada.

"Kabla."

Kuku walikuwa wanachakura nje.

"Eleza."

"Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikafikiri, labda wenye mtihani wataurekebisha. Halafu nikafikiri, labda hawataurekebisha." Alikuwa anajitazama vidole, vyenye chaki hadi kwenye kucha. "Nikasema, Tuma."

"Na wazee ukawatuma."

"Nikawatuma. Nilidhani nikimuoa na kumtunza vizuri, itafutika."

"Imefutika?"

"Kila akiniambia asante, inaandikwa upya."

Akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amemwandikia Wubit zoezi, sentensi moja tu, akanitafsiria: Kama ningali____ nilichokiona, usingali____ safari yako. Alisema amebeba karatasi hiyo tangu Hidar. Alitaka Wubit ajaze mapengo mwenyewe, aelewe.

Nilimrudishia.

"Hili usimpe kama zoezi, mwanangu. Ulilichimba mwenyewe, lijaze mwenyewe, na ulijaze kwa mdomo."

Nikamwita Wubit kabla Yirdaw hajapata nafasi ya kutafuta kofia yake. Aliingia na mikono ya povu, akatutazama mmoja mmoja, akakaa. Nilitaka kutoka.

"Bibi, kaa," alisema. "Hizi nyuso zenu sizielewi."

Yirdaw alimwambia. Hakujipamba. Alisema aliuona mwaka, alijua maana yake, akanyamaza kwa sababu hakutaka aende. Maneno yote hayakujaza hata dakika moja.

Wubit alifuta povu kwenye sketi, kidole kimoja kimoja.

"Miezi mitatu nimejiita mjinga," alisema. "Kila nikiandika tarehe kwenye kadi ya mgonjwa mkono wangu unasita. Mkuu wangu ameshaniuliza kama naumwa. Na wewe ulikuwa unaniletea machungwa."

"Ndiyo."

"Ulitufundisha nini kuhusu pengo?"

"Wubit..."

"Mwalimu nimekuuliza."

"Msijaze mnachotaka."

"Malizia."

"Sikilizeni sentensi inataka nini."

"Na mimi nilitaka nini?"

"Kwenda."

"Ukajaza nini?"

Yirdaw aliikunja ile karatasi.

"Kubaki."

Wubit akasimama. Hakupaza sauti, katika ukoo wetu tunaogopa zaidi mtu asipopaza sauti.

"Waambie wazee wako wasirudi."

Kikombe cha tatu kilibaki kwenye sinia kwa mara ya pili.

Seyoum aliposikia alitaka kwenda shuleni kumvua Mwalimu nguo mbele ya wanafunzi wake. Nilimzuia kwa kumwambia kwamba aibu hiyo itamrudia binti, na kwamba kijana alikiri. Akasema alikiri kwa kuwa ulimshika. Nikakubali, maana ndivyo ilivyokuwa. Lakini nilikuwa nimeiona ile karatasi imechakaa kwenye mikunjo, na karatasi haichakai hivyo kwa siku moja.

Mfungo mkubwa ukaingia. Wubit hakurudi ukumbini. Alijiandikisha mtihani mwingine kwa simu yake, jikoni, mimi nikiwa pembeni. Akaniwekea simu mbele ya macho.

"Bibi, nisomee mwaka."

"Elfu mbili."

"Soma tena."

"Elfu mbili, mwanangu."

"Basi bonyeza wewe."

Nikabonyeza. Kidole changu hiki chenye unga wa nafaka yetu ya teff.

Juma hilo hilo Yirdaw akamtumia ujumbe. Wubit alinisomea bila kubadilisha uso: "Sikuombi chochote. Una mtihani mwezi wa Ginbot. Kila asubuhi nitakutumia sentensi tatu. Ukitaka jibu, usipotaka futa."

Siku nne alifuta. Ya tano nilimwona amesimama na mswaki mdomoni, anaangalia simu.

"Mgonjwa ____ tangu jana jioni. Analala, alilala, amelala, atalala."

Akaandika neno moja: "amelala."

Likarudi neno moja: "Sahihi."

Ikawa hivyo karibu miezi mitatu. Asubuhi sentensi tatu, jioni majibu matatu, kisha sahihi au si sahihi. Hapakuwa na salamu wala samahani. Nilimuuliza kama Mwalimu hana neno lingine.

"Hana. Angeleta lingine ningemfungia." Akafikiri kidogo. "Na hakuna wauguzi tena, Bibi. Kuna wahandisi, kuna wakulima wa Denmaki, kuna mtu anaitwa Robert anayepoteza miavuli. Ni sentensi za mtihani kabisa. Safari hii ananifundisha."

Zilizomsumbua ni zile za mambo yaliyokwisha kuharibika, za kama ningalijua ningalifanya. Alizikosa siku nne mfululizo. Siku ya tano Yirdaw aliandika ukurasa mzima wa maelezo, na mifano kumi na miwili ya Robert na miavuli yake. Wubit alisoma amekaa mlangoni. Alipomaliza alikuwa analia, na nilipomuuliza akasema ameelewa somo.

Mimi nilikuwa nikimwona Yirdaw kanisani upande wa wanaume, amekonda, shuka jeupe linamning'inia. Nilimwitikia kwa kichwa tu. Kusukuma gari litakalomchukua umpendaye, asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna anayekuambia asante: niliona kwamba hiyo nayo ni kazi.

Mwezi wa Ginbot ujumbe ukaja kutoka Addis. "Wameniingiza, Bibi."

Na mwezi wa Sene, mvua zikianza, matokeo. Wubit aliyasoma mara tatu. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akainua godoro, akaitoa ramani, akainyoosha kwa kiganja mezani. Hospitali ikamjibu baada ya siku tano: muuguzi mwingine wanamhitaji, aripoti mwezi wa Meskerem.

Jioni hiyo akamwandikia Yirdaw: "Nimefaulu. Naenda."

Tulisubiri. Nilichambua dengu bakuli zima, nikamaliza, nikaanza kuzichambua zilizochambuliwa. Hatimaye simu ikalia. Wubit akanigeuzia kioo nione.

"Sahihi."

Nilicheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu Hidar kumsikia akicheka hadi mwisho. Halafu akaizungusha simu mezani.

"Bibi, wale wazee. Baba aliwaambia warudi baada ya wiki mbili."

"Wewe ulisema wasirudi."

"Nilimwambia yeye. Wao Baba hajawajibu. Ni adabu gani hiyo, wazee wazima kuachwa bila jibu miezi mitano?"

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia dengu.

Nikampelekea Mzee Beyene ujumbe.

Walikuja Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Hamle, mvua inapiga mabati kana kwamba inadai kuingia. Wazee watatu wale wale, wamelowa hadi magotini. Seyoum akawawekea viti karibu na moto, na bila shaka wakakataa. Walisimama katikati ya sebule, wakitona maji kwenye majani niliyotandaza kwa ajili ya kahawa. Mzee Beyene alikohoa.

"Tulikuja, tukaambiwa turudi. Tumerudi. Aliyetutuma hakututuma safari hii, sisi wenyewe tumekuja kuulizia jibu letu. Ukituambia hapana, tutakwenda nayo. Lakini tuambie."

Seyoum alikuwa na mengi ya kusema, nilimwona yamemjaa kooni. Akayameza. Akamgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa nyuma ya sinia la vikombe.

"Nilikuuliza jikoni, ukaomba muda. Muda umekuwa mrefu. Unasemaje?"

"Kabla sijajibu, kuna mtu ananidai jibu na mimi namdai mji."

Wazee wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nadhani alifikiri ni kiwanja.

"Ni kitendawili," niliwaeleza. "Alishindwa, hakutoa."

Mzee Beyene alielewa haraka kuliko wote. Aliingiza mkono chini ya shuka lake, akatoa simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaifungua taratibu, akapiga, akaiweka kwa sauti kubwa juu ya kiganja kama anayebeba yai.

"Mwalimu."

"Nipo, Mzee." Nyuma yake mvua ile ile ilikuwa inasikika. Baadaye nilijua alikuwa amesimama chini ya ukuta wa kanisa, hatua mia mbili kutoka kwetu, tangu asubuhi.

"Niko kwa Bwana Seyoum. Unadaiwa mji hapa."

Makaa yalipasuka.

"Wubit yupo?"

"Nipo," Wubit alisema. "Gondar nilikataa. Bahir Dar nilikataa. Addis nilikataa."

"Nakumbuka."

"Basi toa."

Nilihesabu pumzi zake kwenye ile simu. Moja, mbili, tatu.

"Galway," Yirdaw akasema. Sauti ilimkatika katikati ya neno, akalirudia zima. "Nakupa Galway. Na hospitali yake na bahari yake na barabara zote zilizo kwenye ile ramani. Nakupa bila sharti. Ukirudi utanikuta. Usiporudi, mji ni wako, hutanirudishia."

"Na wewe unabaki na mji gani?"

"Huu huu. Ubao wangu na Sajenti Worku."

Wubit akachukua birika. Akamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kikombe cha tano alikiweka peke yake pembeni ya sinia, upande wa mlangoni. Akamtazama baba yake.

"Nimeshafika Galway, Baba," alisema. "Nimekula, nimekunywa. Watu wa huko wameniuliza nyumbani nimemwacha nani. Waambie wazee wakae."